Mume wa Bi Sindano

Mke wangu alikuwa mtu wa filamu za kuchekesha. Watu wakieleza maisha yake wanaanza na mumewe. Mume wanayemtaja si mimi.

Mimi ni fundi viatu. Tulipooana alikuwa anashona kwenye duka la sare za shule. Kutoka pale akaitwa kushona nguo za waigizaji. Kulikuwa na mchekeshaji mmoja, mrefu, shingo kama ya mbuni, kazi yake kuchanika suruali. Akiinama inachanika, akipanda ngazi inachanika. Kila wakirudia kipande, mke wangu anaishona upya. Siku moja alichoka, akatoka na sindano mdomoni, akamwendea mbele ya kamera.

"Wewe baba, kwenu hakuna anayejua kukaa? Nishone mpaka lini? Au nikushone na makalio yakae kwa adabu?"

Mwongozaji akaacha kamera iendelee. Yule bwana akaanza kulia. Alikuwa na kilio chake: mdomo unashuka upande mmoja, sauti inapanda kama birika likichemka. Mke wangu akamkazia macho, uso mkavu. Waliokuwepo walianguka chini kwa kicheko.

Kuanzia hapo yule akawa Bwana Suruali, na mke wangu akawa Bi Sindano, mkewe wa kwenye filamu. Filamu baada ya filamu, miaka na miaka. Kazi ya mke wangu ilikuwa kutocheka. Waigizaji wakubwa walimwangalia yule bwana wakashindwa, kipande kikaharibika. Hata mpiga kamera alikuwa anatikisika mpaka picha inayumba. Mke wangu uso mkavu vilevile.

Mimi nilijua kicheko kinakwenda wapi. Kinakuja nyumbani. Anafika, anavua viatu, anakalia ndoo aliyoipindua, anaanza. "Leo yule mtu kavuta mlango, kitasa kikambakia mkononi. Akakaa anakipigia hodi kile kitasa." Hapo hamalizi. Anacheka mpaka anajifuta macho kwa upindo wa gauni, anajishika ubavu, anasema mama nakufa. Mimi nimekaa namngoja.

Nilijaribu na mimi. Nilimpa habari ya mteja aliyeleta viatu viwili, vyote vya kushoto.

Akasema, "Ehe, halafu?"

Hakukuwa na halafu.

Hata kwenye kibanda changu yule mtu alinifuata. Si mwenyewe, viatu vyake. Mke wangu aliniletea nivitie soli, maana alikuwa anateleza vibaya. Nikavitia. Nilivigongelea misumari mingi kuliko inayotakiwa.

Barabarani ndiko kulikuwa kubaya. Tunatembea pamoja, nimebeba kikapu, mtu anasimama. "Bi Sindano, mzee hajambo?" Anaitikia, "Hajambo sana." Mwenye duka mmoja alimwambia, "Huyu mtumishi wako ana mikono ya kazi." Nilinuna njia nzima.

"Sasa unanuna nini?" akaniuliza. "Ile si kazi?"

"Kazi gani ya kuwa na mume mwingine?"

"Mume mwingine simfulii."

"Unamshonea."

"Haya. Kesho nitakuchania na wewe suruali, nikushonee, uridhike."

Nilitaka kucheka nikajikaza. Sikutaka apate yote.

Mwaka huu aliugua kifua, akaenda haraka. Hayo siyasimulii.

Nilitaka kitu kimoja tu: siku ya kumzika, watu wajue mume ni mimi. Nikamwambia binti yetu, "Yule asikae na sisi."

"Baba, yule amekuwa naye miaka yote."

"Ndiyo maana. Akae nyuma."

Akakaa nyuma, karibu na geti, kofia mapajani. Amezeeka na yeye. Lakini haikusaidia. Watu wakiingia wananipita, wanakwenda kule. "Pole, mzee wetu. Kuondokewa na mke si mchezo." Yeye ananinyooshea kidole mimi. "Mwenyewe yule pale." Wakadhani utani. Wengine wakaziba midomo kwa viganja.

Basi akaanza kulia. Mdomo ukashuka upande, sauti ikapanda. Kilio kilekile, hana kingine. Mtu mmoja akachekea puani. Akafuata wa pili. Shemeji yangu mkubwa, mtu mzima, mabega yakawa yanacheza. Binti yangu mwenyewe akainamisha kichwa, nikaona anavyohangaika. Yule mzee akaona. Akajijaza leso mdomoni, akageukia ukuta.

Kwanza nilifurahi. Halafu nikaona haya kwa ajili ya marehemu. Nikaenda nikamshika mkono, nikampeleka chumba cha cherehani, nikafunga mlango.

"Lia humu," nikamwambia.

Akalia. Mimi nimesimama namwangalia. Machozi yangu yalikuwa hayajatoka hata tone, na hilo nalo likaniuma. Hata kulia kanitangulia.

Alipotulia akasema, "Kaka, nikuulize. Miaka yote ile nilimfanyia kila kituko ninachokijua. Mengine hayakuwa hata ya filamu, nilikuwa namtafuta yeye tu. Sikuwahi kuona hata jino. Kwako alikuwa anacheka?"

"Alikuwa anacheka."

"Anacheka nini?"

Jibu lilikuwa kwenye ulimi. Kitasa, ngazi, shingo yake, yote. Ningesema neno moja angetoka mle amepona. Lakini alikuwa na uso wa mke wangu kwenye mabango ya kila ukuta wa mji, na mimi nilikuwa na kile kicheko tu.

"Mambo ya nyumbani," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa polepole. "Nilijua. Nimekuonea wivu sana, kaka."

Akanawa uso, akavaa kofia, akapitia mlango wa nyuma ili asionekane. Nikarudi mbele, nikakaa kwenye kiti changu. Wachache wakaja kunipa pole. Wengine wakauliza Bwana Suruali kaenda wapi.

Tangu siku ile hajaja, wala mimi sijamtafuta. Alichokuwa anacheka mke wangu nimekiandika hapa. Mtu akitaka kumsomea, amsomee. Kwa mdomo wangu siwezi.