Ufunguo wa Mwalimu na Kanzu Yangu ya Harusi

Nakumbuka siku niliyokwenda kuoa nikinuka petroli, mwanangu, na mama yako hadi leo hajaacha kunicheka.

Ilikuwa miaka ya elfu mbili, msimu wa korosho umekwisha, harusi kila kona. Nilikuwa fundi wa magari Nachingwea, kijana niliyejiona hakuna injini inayonishinda. Ndoa ilikuwa ifungwe Malolo, kule Ruangwa, mara tu baada ya swala ya adhuhuri. Baba mkwe alikuwa ameshanitumia salamu: nikichelewa nirudi kwetu, binti yake si mzigo wa kusubiri lori.

Mwalimu mmoja jirani, mtu wa Bukoba aliyehamishiwa kwetu, akaniazima gari lake dogo, moja ya haya ya kisasa yenye kompyuta. Asubuhi akanipa ufunguo. Stata ikazunguka vizuri, injini ikagoma kushika. Kwenye dashibodi kitaa chekundu chenye picha ya ufunguo kikawa kinawakawaka.

"Mafuta hayafiki kwenye injini," nikatangaza. Hapo nilisema kweli, mwanangu, lakini nusu tu, na nusu ya kweli imewaponza mafundi wengi.

"Nilete ule ufunguo mwingine?" Mwalimu akauliza kwa upole.

"Mwalimu, gari linakwenda kwa mafuta, haliendi kwa funguo," nikamjibu, na wapambe wangu wakacheka. Naona haya hata kulisimulia.

Nikang'oa kiti cha nyuma, nikatoa pampu, nikapuliza mipira ya mafuta kwa mdomo kama nilivyozoea kwenye magari ya zamani ya kabureta. Petroli ikanimwagikia kwenye kanzu. Nikarudisha kila kitu. Stata inazunguka, injini kimya. Jua linapanda, moyo unashuka. Nikamfikiria mchumba wangu ameketi na hina mikononi, baba yake anatazama barabara. Niliogopa, sikufichi.

Mama yangu akamwita Mzee Chilumba, aliyenifundisha kazi. Hakuigusa injini. Alichungulia dashibodi tu.

"Hiki kitaa kinataka nini?"

"Sijui, mzee."

"Na mwenye gari umemuuliza?"

Mwalimu ndiye aliyeeleza: ufunguo alionipa ulichongwa sokoni wiki ile, na ule wa asili ameufungia kabatini usipotee.

"Ule wa asili una kidude ndani ya kichwa chake," mzee akasema. "Gari lisipokiona, linazuia mafuta ili lisiibiwe. Hili gari ni zima, kijana. Limekuona mwizi."

Ufunguo ukaletwa. Injini ikashika mara moja.

Tuliingia Malolo watu wakitoka msikitini. Baba mkwe akaninusa, akauliza, "Mkwe, hayo mafuta umeyatia kwenye gari au umeyaoga?" Kisha akanishika mkono, tukaingia ndani, ndoa ikafungwa.

Sasa kesho unafungua gereji yako. Wahenga walisema kuuliza si ujinga, ila hawakukwambia kwamba mbele ya wapambe kuuliza kunachoma. Vumilia kuchomwa. Kabla hujashika spana, msikilize mwenye gari, maana ndiye anayeshinda nalo. Na anayekusemesha kwa upole usimjibu kwa kejeli. Huenda jibu analo kabatini.

Mungu aibariki mikono yako, akupe na masikio mapana kuliko yangu. Na siku yako ya kuoa ikifika, mwanangu, unukie udi.