Feni Isiyokuwa na Swichi

Aibu hii nimeibeba vya kutosha, na kwa vile hapa Kebirigo kila mtu anaisimulia anavyotaka (kuna anayesema paa liliruka, uongo mtupu), wacha niwaambie mimi mwenyewe ilivyokuwa.

Mama yangu alianza kulima uyoga kwenye jiko lake la zamani, kile kinyumba cha udongo, akaitundika mifuko ya kuoteshea uyoga kwenye boriti, akamwaga chokaa chini kuzuia wadudu, na majirani wakamcheka wee, eti mjane ameacha majani chai analima kuvu, naye akawajibu kwamba mwaka huu malimbuko yake kanisani yatakuwa uyoga, kikapu kizima, wauone kwa macho yao. Shida ilikuwa joto la mchana, uyoga unanyauka. Basi mimi fundi wa simu, mwenye maneno mengi, nikamwambia atulie, nitamtengenezea feni inayojiwasha yenyewe.

Nikatafuta feni ya rejeta ya gari bovu, betri kuukuu, na kile kidude cha kupima joto kwenye mashine ya kuangulia vifaranga: nyumba ikipata joto feni inavuma, ikipoa inanyamaza. Ikafanya kazi vizuri, na hapo kiburi kikanipanda. Mama akaniuliza, "Moraa, na ya kuzimia iko wapi?" Nikacheka. "Mama, hii ni otomatiki, swichi ya nini?"

Jumapili moja akaalika watu wa kanisa waje wauombee uyoga kabla ya kuuchuma. Wakajibana humo ndani, mlango ukafungwa, mzee wa kanisa akasema tufumbe macho (na maombi ya kwetu mnayajua, hayana haraka). Pumzi za watu wote wale zikapasha nyumba joto, feni ikanguruma, chokaa ikapaa, mifuko ikaanza kubembea, mmoja ukamgonga mzee kwenye upara, naye badala ya kusema amina akapaza sauti, "Ee Nyasae, Mungu wetu, mkemee huyu adui!" Watu wakaitikia kwa nguvu, wakahema zaidi, joto likazidi, feni nayo ikaendelea, na hakuna aliyetoka, maana nani atatoka kabla ya amina?

Ningefungua mlango tu, nyumba ingepoa. Lakini akili ilikuwa imeniruka, nikaurukia waya nikauvuta kwa nguvu zangu zote, waya ambao nilikuwa nimeufunga mimi mwenyewe kwenye boriti ileile ya mifuko. Boriti ikashuka na kila kitu. Watu walipofumbua macho tulikuwa weupe wote, uyoga uko chini ya viatu vya wageni, mtu akakohoa, "Amina," na kicheko kikaangusha watu.

Mama hakucheka. Alipiga magoti akawa anaokota vipande, anavifuta chokaa kwa leso yake. "Si neno, Moraa," akasema, "ulitaka kunisaidia." Heri angenichapa.

Siku ya malimbuko alipeleka mkungu wa ndizi kama kila mtu, na majirani walewale wakamsogelea kwenye benchi kwa huruma. Nilijuta mpaka nikashindwa kuimba.

Nimeapa, hata tochi sitaitengeneza tena kabla ya kuonyesha pa kuzimia. Ile feni nimeiwekea swichi kubwa nyekundu, nikampelekea. Aliniambia, "Asante, mwanangu," akaendelea kuchambua mboga. Katika jiko lile siku hizi analaza kuku.