Nilimfundisha Mdogo Wangu Kukiri Kosa Ambalo Hakulitenda

Kosa langu la kwanza lilikuwa kudhani kwamba ninajua. Nilijifunza sheria mwenyewe, kwenye simu, hapa kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, na watu wa mtaa wetu wa Base Camp walizoea kuniita niwapangie maneno ya kusema kortini. Niliyapanga, nikayafuta, nikayapanga upya hadi yasiwe na doa. Jamani, ndivyo nilivyompoteza mdogo wangu!

Baraka ana kifafa. Tulijua sisi wa nyumbani tu; hata mchumba wake hakuambiwa.

Siku ile alikuwa Kakiika, mjini Mbarara, akiuza maharagwe. Mke wa mwanajeshi aliinama kuchagua. Baraka alikuwa ameshika kopo la bati la kupimia, kifafa kikamshika. Mkono ukaruka na kopo lake, ukamvunja yule mama meno. Kabla Baraka hajaanguka, watu walishamrukia, kwa hiyo kila mtu alidhani ni wao waliomwangusha.

Nilimkuta polisi. Askari alinicheka: "Wewe Mukongo! Ndugu yako napiga bibi ya afande! Nyinyi mnakula nini huko?"

Baraka alinishika shati; kwetu ndugu mkubwa huitwa yaya. "Yaya, miye sikupiga. Mukono ulienda yenyewe. Ubaambie."

"Nyamaza! Bakwe bakisikia kifafa batasema ni pepo. Ndoa itakufa. Sema hasira ilikushinda, uombe musamaha."

"Lakini sikukasirika, yaya."

"Sema!"

Kanisani kwetu anayekiri husamehewa. Nilidhani na kwa hakimu ni vivyo hivyo. Ole wangu! Baraka alisimama, akasema kila neno nililompa, wala hakukosea hata moja. Akafungwa.

Gerezani aliendelea kuficha, kwa sababu yangu. Bila dawa akawa anaanguka, na mara moja alijigonga kichwa vibaya sana sakafuni. Ndipo mwanasheria anayesaidia wafungwa akanipigia simu.

"Kwa nini hamkusema ni mgonjwa? Mkono ukirushwa na kifafa, mtu hajatenda kwa hiari yake. Sheria haimhesabii kosa. Daktari angethibitisha, huenda asingefungwa kabisa."

Nilikaa chini palepale barabarani, nikalia. Sehemu ile sikuwa nimeisoma!

Ametoka, lakini maneno yanamtoka vipandevipande. Mchumba wake alikuja, akaniuliza mimi: "Mulifikiri nitamukatala juu ya kifafa? Mungeniambia, ningekuwa namupeleka mimi kuchukua dawa."

Baraka mwenyewe ndiye aliyemwambia aende zake, akisema hataki kuwa mzigo kwake.

Ndugu zangu, msimfiche mgonjwa kwa aibu zenu! Na usikiri jambo ambalo hukulitenda kwa hiari, ati uonekane mnyenyekevu. Sema lilivyotokea, hata kama unaona haya.

Mimi simpangii tena mtu maneno. Anayenijia nampeleka kwa mwanasheria, nami nasubiri nje. Na kila asubuhi Baraka anameza dawa yake mlangoni, majirani wakiona.