Nilivyomshinda Baba wa Mchumba Wangu

Chekeni mpendavyo. Mimi mwenyewe sijamaliza kujicheka.

Nadège, mchumba wangu, aliniambia kwamba baba yake, mstaafu wa reli aliyehamia Kolwezi kutoka Kasaji, anapenda zile karata za kukusanya, zenye picha za majoka yanayopigana. "Kuya Jumapili, mucheze kidogo," akasema. Mtu mwenye akili angesikia neno "kidogo". Mimi nikasikia mtihani.

Wiki nzima nilijifunza kwenye simu jinsi mabingwa wanavyocheza. Jumapili nikafika na karata kali, kila moja ndani ya plastiki yake, na uso wangu umekazwa kama wa jaji. Tata Mukalay, baba yake Nadège, alikuwa amechagua zake kwa uzuri wa picha. Kila alipoweka moja mezani, alinisimulia kwanza alivyoipata, nami nikatazama saa.

"Ngoja, mutoto, hii nilikosea. Naweza kuirudisha?"

"Hapana, tata. Ikigusa meza, imekwisha."

Mama yake Nadège akaacha kumimina chai. Sikuelewa. Nikamaliza mchezo upesi, nikasimama na kuinua mikono juu.

"Haya, nani anafuata?"

Nadège akajifunika uso.

"Baba hachezi juu ya kushinda," akaninong'oneza. "Alitaka tu muzoeane."

Tata Mukalay alikusanya majoka yake polepole, kisha akanitazama kwa upole ulioniuma kuliko kofi.

"Umeshinda, mutoto. Sasa ile maneno ya kuoa Nadège, ulifikiri utaiongea na nani?"