Nusu ya Mzabibu wa Mama Mkwe

Nilifika Kipatimu nikiwa bibi harusi mgeni kutoka Dodoma, wakati watu wanahamia kijiji cha ujamaa. Kitu cha kwanza kilichonifurahisha moyo kilikuwa mzabibu. Ulitanda juu ya kichanja cha miti uani kwa mama mkwe, majani yamefungamana hata jua halipenyi. Marehemu baba mkwe alikuwa mwashi wa misheni, na mapadri ndio waliompa kipando.

Mimi nimekulia shamba la mizabibu, baba yangu alikuwa mtunzaji wake. Nikauliza zabibu hizi zikoje. Mama mkwe akacheka, akasema zinatia meno ganzi, na nyingi huota ukungu kabla ya kuiva.

Nikamweleza kwa pupa yale niliyofunzwa nyumbani: mti ukijaa majani, vichala hukaa gizani na unyevu, haviivi sawasawa, na divai yake huwa nyepesi, yenye ladha ya majani mabichi. Punguza matawi, upepo upite. Toa majani upande jua linakochomoza, yaache ya upande wa pili yavikinge vichala na jua kali la alasiri.

“Mwanangu,” akasema, “zabibu hizi hatuzili. Kivuli tunakikalia kila siku.”

Alisema kweli. Wanawake wakitoka shamba la kijiji walipumzika pale, wakisuka ukili na kunyonyesha watoto. Nikaomba nusu tu, upande wa jikoni. Akakubali.

Mvua zilipokwisha nikapogoa matawi ya upande wangu. Machipukizi yalipotoka nikabakiza machache yenye afya, na vichala vilipojitokeza nikavifungulia jua la asubuhi. Majirani walikuja kuangalia kipara kile. Mama mkwe aliona haya, akawaambia mkwe wake anafuata desturi za kwao. Mimi nilikuwa na kiherehere cha ajabu; nikiamka natoka uani hata uso sijanawa.

Zabibu za upande wangu zikaiva nyeusi, zimejaa, hazina doa. Mama mkwe akachuma moja, akala. Akachuma ya upande wake, akaitema. Alijaza ungo, akawagawia wanawake wote, na nyingine tukampelekea padri.

Baada ya muda padri akatuita. Alikuwa amekamua divai kidogo, akatumiminia kila mtu funda moja. Ilikuwa nzito na tamu, na nilipoimeza machozi yalinitoka kwa furaha.

“Hii imetoka uani kwangu?” mama mkwe akauliza, kikombe bado kipo mdomoni.

Msimu uliofuata aliwaomba wanaume wa kijiji wajenge kibanda cha nyasi kando ya nyumba, akahamishia huko majamvi ya wanawake. Kisha akajifunga kanga kiunoni, akasimama chini ya nusu yake ya mzabibu, akaniuliza aanze na tawi lipi.