Kamba ya Mbuzi Chini ya Koti

Aibu niliyoipata kwa wifi yangu kule Siakago sijaimaliza mpaka leo, na ninaiandika mimi mwenyewe (shule niliishia darasa la tatu, mkikuta herufi imelala mwiamshe) kwa sababu sokoni Gachoka wanasimulia kwamba nilimfunga mume wangu kama mbuzi, na wakifika hapo wanacheka wananyamaza, kumbe hiyo ni nusu tu. Kumfunga, nilimfunga. Sikatai.

Baba Ireri aligongwa na pikipiki akaumia ubongo, na aliporudi kutoka hospitali upande wake wa kulia ulikuwa kama wa kuazimwa, mkono unaning'inia tu. Daktari wa mazoezi kule Embu, msichana mdogo lakini mkali, aliyeniita cucu kama nyanya yake, akaniambia, "Cucu, kila siku funga ule mkono mzima kwa kitambaa laini, masaa mawili, ule mgonjwa ulazimike kufanya kazi. Lakini awe ameketi. Akitaka kusimama, mfungue kwanza." Basi miezi minne amekuwa akiokota maharagwe kutoka kwa ungo, moja moja, anatia kwa kikombe, yakianguka ananitukana na mimi ninamtukana, na hayo ndiyo mapenzi yetu tangu zamani.

Sasa Wanjuki, huyo wifi, dada yake mkubwa, akasema ninamtesa mgonjwa. Atamchukua akae kwake, alale, alishwe kwa kijiko. Alishwe! Mwanamume aliyechimba kisima kwa mikono yake! Akaita familia Jumamosi tule njahi, yale maharagwe yetu meusi, halafu tuamue atakaa wapi.

Asubuhi hiyo kile kitambaa kilikuwa kimelowa kwenye ua. Ningeacha siku moja tu, ingekuwa nini? Lakini mimi nikiambiwa kila siku ni kila siku, na nilitaka wamwone akisalimia kwa mkono wa kulia, kwa hivyo tulipofika langoni kwa Wanjuki nikatoa kwa mfuko kamba ya mbuzi, nikamfunga wa kushoto kiunoni, nikamvalisha koti lake la harusi juu, nikajiona nina akili sana. (Mbuzi mwenyewe alibaki huru akila muguka ya jirani, ile miraa ya majani, lakini hiyo ni kesi nyingine.)

Mwanzoni nilikuwa nashinda. Aliketi karibu na pasta wa kanisa letu, watu wakija anatoa mkono wa kulia, unatetemeka lakini unafika, na Wanjuki amekunja uso. Kisha naibu wa chifu akaingia. Baba Ireri ni mtu wa heshima, akasimama, na mimi nikasahau neno la daktari, akayumba, akautafuta mkono wa kushoto ajishikilie, mkono uko kiunoni, nikaruka nikashika koti, koti likanibaki mkononi na mwenyewe akaketi kwa mapaja ya pasta, juu ya sahani ya njahi.

Kamba ikaonekana.

"Woi! Amemfunga kama mbuzi!" Wanjuki akapiga kelele. "Chifu, si unaona kwa macho yako?"

"Mama Ireri, hii ni nini?" naibu akauliza.

"Ni dawa," nikasema.

"Kamba ni dawa?"

"Ndiyo, na wewe ukiugua nitakufunga." (Mdomo wangu hauna mlango.)

Wanjuki akainama afungue fundo. Hapo Baba Ireri, ambaye maneno yake siku hizi ni ya kuhesabu, akasema, "Acha!" na ule mkono wa kulia ukaenda ukashika kitambaa cha Wanjuki cha kichwa pamoja na nywele.

"Mwambie aniachilie!"

"Hawezi."

"Hawezi aje?"

"Kushika tumejifunza. Kuachilia ni ya mwezi ujao."

Na pasta bado yuko chini yao. Nikapiga magoti, nikakunja kile kifundo cha mkono polepole kama nilivyofundishwa, nikakanda kiganja, vidole vikafunguka kimoja kimoja.

Wanjuki akainuka, kitambaa kiko shingoni. "Ni huu wa kulia ulionishika?"

"Ni huo."

Akaubonyeza kama anaangalia parachichi limeiva. Msamaha hakuomba, ukoo wao hawana hiyo. Akaleta sahani, akamtilia kijiko kwa mkono wa kulia, halafu akaikalia mikono yake mwenyewe asije akamsaidia. Njahi nyingi ilienda kwa shati. Ya mdomoni ilitosha. Kuamua hakuna aliyetaja tena, na jua likiwa bado juu tukarudi kwetu, wawili.

Ile kamba ilimwachia alama, nikampaka mafuta nikamwomba msamaha, na kusimama akiwa amefungwa hatasimama tena hata aje gavana. Lakini kinachoniuma ni lile koti. Nani alinituma kuficha? Jumapili nitamketisha kanisani mstari wa mbele, mkono umefungwa kwa leso yangu nyekundu, juu ya koti, na mwenye neno asogee karibu aniambie. Ila aje kichwa wazi, maana kuachilia bado tunajifunza.