Nilisoma mifumo ya kompyuta online, nikakoboa mbegu ya mama wa watu

Wakuu, habari za mchana. Haya yamenitokea mimi mwenyewe hapa Ipinda, na siyapambi, maana kosa ni langu.

Nasimamia mashine ya baba yangu ya kukoboa mpunga. Mwaka jana nikajiunga na kozi ya online, mifumo ya taarifa ya kompyuta kwa mameneja wa biashara. Nasomea palepale ofisini, mashine inanguruma, earphone masikioni.

Baba hakuwahi kuandika kitu. Mteja akishusha mzigo, anapiga naye stori weee, za familia, za shamba. Mimi niliona anapoteza muda.

Ikaja assignment: tengeneza mfumo kwa biashara halisi. Nikatengeneza. Jina la mteja, idadi ya magunia, bonyeza, umemaliza. Nikamwambia baba apumzike, mapokezi nitafanya mimi.

"Sawa mwanangu, wewe ndiye uliyesoma," akasema. Akahamishia kiti chake nje.

(Hapo roho iliniuma kidogo, ila nikajikaza.)

Wiki hiyohiyo akaja Mama Anyisile kutoka Ngonga na magunia manne. Akaanza kunieleza jambo kuhusu gunia moja, nikamkatisha: "Mama, jina na idadi tu."

Nikaandika manne. Opareta akakoboa yote.

Jioni akarudi. "Mwanangu, lile la mbegu umeliweka wapi?"

Nikamwonyesha mchele. Ilikuwa mbegu aliyorithi kwa mama yake mzazi. Alitaka tumhifadhie tu, kwa sababu stoo yake inavuja. Na mvua za kupanda zilishakaribia.

Akachota mchele ule kiganjani, akautazama, akakaa chini.

Baba akaingia. Nilijua nitasemwa. Akasema, "Mama, tumekosea."

Tumekosea, wakuu. Na yeye hakuhusika kabisa.

Kisha akamuuliza, "Wifi yako wa Kasumulu si ulimgawia mbegu hii msimu uliopita? Ulinisimulia mwenyewe."

Kesho yake asubuhi tukaenda wote watatu Kasumulu. Wifi mtu alikuwa bado hajapanda. Akatupimia madebe mawili.

Mama Anyisile akasema "ndaga fijo", asante sana, kwa wifi yake, halafu kwa baba. Mimi hakunitazama. Sikumlaumu.

Kwenye assignment niliandika yote bila kuficha. Siku ya kuwasilisha kwa video mwalimu akauliza, "Kabla ya kuunda mfumo ulimhoji nani?"

Nikajibu, "Hakuna."

Akanipa nafasi ya kurudia. Safari hii nilikaa na baba siku tatu, nauliza, anaeleza kila mteja na mambo yake, tunacheka mpaka machozi. Nikafaulu.

Sasa mapokezi tunakaa wawili. Yeye anaongea na mteja, mimi naandika, na nimeongeza sehemu ya maelezo ya mwenye mzigo.

Nilichojifunza: kabla hujapeleka kompyuta kwenye kazi, msikilize anayeifanya hiyo kazi. Kwangu alikuwa baba, na nilikuwa sijakaa kumsikiliza kwa miaka.

Juzi kaniuliza kozi inayofuata inaanza lini, anataka tusome wote.

Waliowahi kusoma darasa moja na mzazi wao waje hapa waniambie, mliwezaje? Maana huyu keshanunua daftari.